Mama Sarah wa Kogelo alianza lini kulea mayatima, na nini kilimsukuma?

#1 Jakondele

Hamjambo wadau. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye harambee ya karo hapa Kisumu, ya msichana wa jirani yetu aliyeitwa sekondari. Mfawidhi alipotaka kuwaamsha watu watoe pesa alisema: "Tuige Mama Sarah Obama wa Kogelo. Mjukuu wake alipopata urais na neema ikaingia boma lile, hakuwasahau mayatima." Makofi yakapigwa, maana nani hamjui huyo nyanya wa Barack Obama wa kijijini Kogelo, Siaya. Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Alego, hukohuko Kogelo iliko, mkoba wake mapajani. Hakupiga makofi. Aliinama akasema kwa Dholuo, polepole, kama anayeongea na ule mkoba: "Watoto walikuwa pale kabla ya stima."

Nimerudi na neno hilo nyumbani na halijaniacha. Mwenye kujua atueleze. Mama Sarah alianza lini kuchukua watoto wa watu, na ni nini hasa kilichomsukuma? Dini? Mila? Au ndiyo hiyo neema ya 2008? Naona tukikosea hapo tunamdhulumu marehemu, na pia tunawadhulumu akina mama wengine wasio na mjukuu wa kujulikana.

#2 Nyar Seme

Asante kwa uzi. Huyo mama wa Alego amekupa tarehe kabisa, Jakondele. Stima, yaani umeme, ilifika Kogelo baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, ule ambao serikali yetu ilitangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko. Kwa hiyo "kabla ya stima" ni kabla ya neema. Na alipofariki 2021, habari zilizoandikwa zilisema alikuwa amewasaidia mayatima kwa miongo kadhaa, wengine akiwalea ndani ya nyumba yake. Miongo kadhaa haianzii 2008.

#3 Msafiri wa Naks

Mimi sioni kama mfawidhi alikosea sana. Mwanawe wa kumzaa, yaani babake Barack, alisoma mpaka Marekani, kwa hiyo boma lile halikuwa la watu wa chini. Na Obama alipokuja Kogelo 2015 akiwa rais hakumwacha mikono mitupu. Mtu hulea yatima akiwa na cha kumpa.

#4 Mwalimu Mstaafu

Msafiri, ngoja nikusahihishe, kwa sababu kosa lako la kwanza ndilo linaloficha jibu la uzi huu. Mama Sarah hakumzaa babake Barack. Aliyemzaa ni Habiba Akumu. Akumu alipoondoka kwenye ndoa, mtoto alibaki kwa babake, Mzee Hussein Onyango, na Sarah ndiye aliyemlea. Sarah alikuwa mke wa tatu, aliozwa akiwa msichana mdogo kwa mwanamume aliyemzidi umri sana. Kwa hiyo mtoto wa kwanza asiye wake aliyelala kwake ni huyohuyo ambaye dunia nzima inamwita mwanawe. Baadaye alisoma Maseno, akaenda Hawaii 1959, akafa kwa ajali ya gari Nairobi 1982, na kaburi lake liko Kogelo.

La pili, 2015 rais hakufika Kogelo. Walikutana Nairobi. Kogelo alifika akiwa kijana miaka ya 1980, akarudi 2006 akiwa seneta, halafu Julai 2018 akiwa ameshatoka madarakani.

Sasa maoni yangu. Mama Sarah hakuwahi kukaa darasani. Alieleza mwenyewe 2014 kwamba barua zilikuwa zinafika naye hawezi kuzisoma, na hakutaka watoto wake wapate hali hiyo. Nimefundisha miaka 31 kwenye shule za msingi za huku Siaya na Vihiga, na wazazi waliokuwa wakali zaidi kuhusu mtoto kukosa shule walikuwa akina mama wasiojua kusoma. Mama wa namna hiyo anakuja na barua ya hospitali ameishika kwa vidole viwili, anakungoja nje ya ofisi mpaka walimu wengine waondoke, ndipo akuombe umsomee. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo, na nyingine zilikuwa za msiba. Hicho ndicho kilichomsukuma. Yatima ni mtoto atakayeachishwa shule wa kwanza, basi akaanzia hapo.

#5 Msafiri wa Naks

Nimekubali makosa, Mwalimu. La kumzaa nilikuwa nalijua vibaya tangu shuleni.

#6 Ustadh wa Kendu

Assalamu alaikum nyote. Nashangaa tumefika namba 6 na hakuna aliyetaja kwamba mama huyu alikuwa Mwislamu wa swala tano. Asili ya mumewe ni huku kwetu, Kanyadhiang, jirani na Kendu Bay, kabla hajahamia Kogelo. Uislamu wa Nyanza ni wa watu wachache lakini ni wa zamani, na una tabia yake.

Nilipokuwa madrasa, mwalimu wetu akifika kwenye habari za yatima aliacha kuandika, akageuka, akainua kidole cha shahada na cha kati, ameviacha mwanya mdogo. Hakusema kitu. Sisi wote tulijua: hivyo ndivyo Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoeleza atakavyokuwa karibu na mwenye kumlea yatima huko peponi. Na Mtume mwenyewe alikuwa yatima. Babake alifariki kabla hajazaliwa, mamake akafuata yeye akiwa na miaka kama 6. Sura ya Adh-Dhuha inamkumbusha hilo. Mtoto wa Kiislamu anajifunza jambo hili kabla hajajua kuhesabu vizuri.

Kwa hiyo tunapotafuta sababu kwenye mila na shule na stima, tusiruke iliyo wazi. Mama huyu alikwenda Hija 2010, mzee wa miaka karibu 90. Mtu wa umri huo hafungi safari ya Makka kwa mazoea. Aliamini.

#7 Guku wa Kaimosi

Wa alaikum salaam Ustadh, na ubarikiwe kwa hivyo vidole viwili, nimeviona kabisa. Lakini mimi ni Mkristo wa Kanisa la Marafiki (Quaker), na kwetu waraka wa Yakobo unasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Sasa wewe una aya, mimi nina aya. Waislamu ni wengi, Wakristo ni wengi zaidi, na wengi wetu tunapita mlangoni kwa yatima tukielekea kuswali au kuabudu. Kama maandiko pekee yangetosha, Jakondele asingekuwa na harambee ya kuhudhuria.

Niseme ninachokijua. Mamangu alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa letu kwa miaka mingi. Watu walimwita "mama wa mayatima", naye jina hilo halikumpendeza kabisa. Kila Alhamisi akina mama walikutana, na kabla ya wimbo wa kwanza kila mmoja alimimina kitu kwenye gunia lililokuwa mlangoni: gorogoro (kopo la kupimia) ya mahindi, nusu gorogoro ya maharagwe, asiye na kitu alileta kuni. Gunia likijaa lilienda nyumba moja, na nyumba ile ilipangwa na wote. Mamangu alikuwa mwenye mgongo wenye nguvu, basi, ndiye aliyelibeba. Watu wakamwona yeye na gunia, wakadhani ni lake.

Nina hakika Kogelo nako kulikuwa na gunia mlangoni. Kuna akina mama ambao majina yao hatutayasikia waliochota maji, wakapeleka uji, wakakaa na mtoto mgonjwa usiku. Mama mmoja halei watoto wa kijiji peke yake, hata awe na moyo namna gani.

#8 Nyar Seme

Guku, hapo kwenye gunia nimeguswa. Mungu amrehemu mama.

#9 Jadala

Wote mnaongea kana kwamba Mjaluo alisubiri misheni na madrasa zije kumfundisha kulea. Mke wa tatu kwetu ana jina lake, anaitwa *reru*. Wa kwanza ni *mikayi*, wa pili *nyachira*. Watoto wa boma ni wa boma, na mama akiondoka au akifa, mtoto haendi popote, anahamia mlango wa pili. Sarah kumlea mtoto wa Akumu ni wajibu wa mwanamke aliyeolewa kwenye dala lile.

Tena kulikuwa na *siwindhe*. Nyumba ya mwanamke mzee, ambamo wasichana walilala na kufundishwa na *pim*, kwa hadithi na mafumbo, jinsi ya kuwa watu. Mara nyingi *pim* hakuwa hata mamake mmoja wao. Ile picha ya Mama Sarah amekaa chini ya mwembe na watoto wamemzunguka, wazungu waliipiga wakaona ajabu. Babu zangu wangeona *siwindhe* iliyotoka nje kupunga upepo.

#10 Ustadh wa Kendu

Jadala, sipingi. Ila boma la mila halisomeshi yatima wa nyumba ya tano ambaye si wa ukoo. Mama Sarah alivuka ukoo.

#11 Jadala

Ukoo wa Kogelo ni mpana, Ustadh. Ukifuata vizuri utajikuta na wewe umo.

#12 Kijana wa Bondeni

Nasoma tangu jana usiku. Mimi si Mjaluo wala sijawahi kufika Kogelo, ni wa Nakuru, Bondeni, nimelelewa na shosho, yaani nyanya yangu. Naomba nilete habari yake kwa sababu naona mnatafuta sababu kubwa.

Januari 2008, mji wetu ulipochafuka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, watu walijazana uwanja wa maonyesho na pale Afraha. Shosho alikuwa mama wa kanisa, kilemba chake hakitoki kichwani. Jioni moja waliingia watoto watatu, ndugu, wa kabila ambalo mtaani siku zile hukutaka kuonekana nalo. Aliyewaleta aliwasukuma mlangoni akakimbia. Mkubwa alikuwa na kama miaka 9, amembeba mdogo, na mdogo amevaa kiatu kimoja. Shosho hakuuliza majina. Alichukua sufuria kubwa, ile ya sherehe, akaongeza maji kwenye uji uliokuwa jikoni. Majirani wawili walikuja kumwambia anatuletea balaa. Aliwasikiliza amesimama mlangoni, mwiko mkononi, walipomaliza akafunga mlango.

Walikaa nasi miezi minne mpaka shangazi yao akapatikana. Baada yao wengine wakaja, wa sababu nyingine. Shosho hakujua kuandika, kwa hiyo aliweka hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, mstari mmoja kwa kila mtoto aliyewahi kula kwake zaidi ya wiki. Alipofariki nilihesabu mistari 23.

Nilishawahi kumuuliza kwa nini. Nilitegemea atanijibu kwa Biblia, maana Biblia aliijua kwa kichwa. Alinijibu, "Nilikuwa na sufuria kubwa." Sikumwelewa wakati ule, na sina hakika kama namwelewa sasa.

#13 Mwalimu Mstaafu

Kijana, ukuta ule bado upo?

#14 Kijana wa Bondeni

Nyumba ilikuwa ya kupanga, Mwalimu. Mwenye nyumba alipaka rangi kabla ya mpangaji mpya kuingia. Ninayo picha, nilipiga kwa simu, haionekani vizuri lakini mistari inahesabika.

#15 Nyar Seme

Pole sana Kijana. Picha hiyo usiiache kwenye simu peke yake, ichapishe.

Sasa nami niseme langu, kwa sababu naona tumezunguka jambo moja bila kulitaja. Kwa nini Siaya, na kwa nini mayatima? UKIMWI, jamani. Moi alitangaza kuwa ni janga la kitaifa mwishoni mwa 1999, lakini sisi wa pembezoni mwa ziwa tulikuwa tumeshazika miaka mingi kabla ya tangazo. Nilikuwa darasa la sita. Ijumaa magari ya maiti yalipita barabara ya Bondo na matawi yamefungwa mbele, tukawa hatugeuki tena kuangalia. Kwa dani wangu, yaani nyanya, tulianza wajukuu wawili, tukawa watano, tukawa tisa. Wawili hawakuwa wajukuu hata kidogo, walikuwa watoto wa mpangaji wa shangazi. Kwa Dholuo tunaitwa *nyithind kiye*, watoto mayatima. Sipendi neno hilo mpaka leo, ingawa ni neno la kawaida tu.

Elimu ya msingi ilikuja kuwa ya bure 2003. Kabla ya hapo dani aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, ili alipe karo. Hata baada ya 2003 kuna shule ilimrudisha binamu yangu nyumbani siku tatu mfululizo kwa sababu sweta yake haikuwa ya rangi ya sare. Siku ya nne dani alikwenda naye, akavua leso yake begani mbele ya mwalimu mkuu, akauliza kama hiyo rangi inafaa. Binamu alirudi darasani. Leo ni muuguzi.

Ninachosema ni kwamba Mama Sarah hakuwa peke yake kwa sababu hakuwa na hiari. Wazazi walikufa, nyanya wakabaki. Kila kijiji cha Siaya, Bondo, Seme, Homa Bay kilikuwa na Mama Sarah wake. Tofauti ni kwamba yeye kamera zilimfuata. Simpunguzii heshima. Nasema tu tukimfanya kuwa wa ajabu tutawasahau wale tisa wa kwetu walilala kwa nani.

#16 Guku wa Kaimosi

Nyar Seme, hiyo leso begani. Nimesimamisha kazi nikamsomea mume wangu.

#17 Jakondele

Na mimi nimemsomea mke wangu. Ila nikupinge kidogo. Unasema hakuwa na hiari. Lakini si kila nyanya alifungua mlango. Wapo waliosema "nimelea wangu, nimechoka", na hakuna aliyewalaumu, maana kweli walikuwa wamechoka. Hiari ilikuwepo. Ndiyo sababu bado nauliza.

#18 Fundi Baiskeli

Mimi nimekuja kwa jambo jingine, mnisamehe. Nimesoma mahali kwamba Mama Sarah alikuwa akimpeleka yule mtoto wa Akumu shule kwa baiskeli, amempakia nyuma, kutoka Kogelo mpaka Ng'iya, maili 6 kila siku. Mimi ni fundi wa baiskeli miaka 20, nina kibanda Luanda. Maili 6 ni karibu kilomita 10. Naomba kujua kama aliendesha kweli au aliisukuma mtoto akiwa juu. Sisemi mama alidanganya. Baiskeli za wakati ule zilikuwa chuma kitupu, zile ndefu za kiume, zina mtaimbo wa juu. Mwanamke na nguo ndefu anapandaje?

#19 Nyar Seme

Fundi, umeniudhi sana leo. Dani wangu alipanda Black Mamba, hiyohiyo baiskeli ndefu ya chuma, mpaka mwaka aliovunjika nyonga. Gunia la omena kwenye karia, leso imefungwa kiunoni, anasimama kwenye jiwe anapanda kama farasi. Wanaume wa Kombewa, kwetu Seme, walikuwa wanampisha.

#20 Jadala

Wanaume wa Seme wanapisha kila kitu.

#21 Nyar Seme

Jadala, *siwindhe* yako ilikufundisha adabu au mafumbo tu?

#22 Mwalimu Mstaafu

Turudi. Fundi, alieleza hivyo mwenyewe, kwenye mahojiano ya 2014, mwaka uleule alioheshimiwa Umoja wa Mataifa kule New York kwa kazi yake ya elimu. Alisema alimbeba kwa baiskeli kila siku ili apate elimu ambayo yeye hakuipata. Ng'iya kulikuwa na misheni ya Waanglikana na shule. Na angalia hapo, Ustadh na Guku: Mwislamu anampeleka mtoto asiye wake kwenye shule ya misheni. Angekuwa na woga wa dini angemwacha nyumbani.

#23 Ustadh wa Kendu

Hapo Mwalimu umesema vizuri. Imani iliyotulia haiogopi kitabu cha mwingine. Bado nasema ni imani.

#24 Msafiri wa Naks

Kuna mtu aliniambia alikufa kwa korona na ndiyo maana alizikwa haraka. Ni kweli?

#25 Ustadh wa Kendu

Si kweli. Aliugua, akapelekwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, akafariki alfajiri ya Jumatatu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na miaka 99. Familia ilisema wazi kwamba haikuwa korona. Alizikwa kesho yake, Jumanne, kwa sababu ndiyo sheria yetu: maiti haikawizwi. Anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, anazikwa.

#26 Jadala

Na hilo liliwaumiza wengi huku. Sisi tumezoea kumkalia marehemu. Mama wa hadhi ile angelala nyumbani kwake usiku, watu wangemlilia mpaka asubuhi, ng'ombe wangechinjwa, mikoa yote ingekuja. Mjomba wangu alifika Kogelo Jumatano amebeba kuku wa matanga akakuta kaburi limeshasawazishwa. Alikaa pale kama saa nzima na yule kuku mkononi. Mwishowe akampa mtoto mmoja wa boma, akarudi.

#27 Kijana wa Bondeni

Hata angechelewa kuzikwa sisi wa Nakuru tusingefika. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, alikuwa ametufungia tarehe 26 kwa sababu ya korona, Nakuru pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Hakuna kutoka wala kuingia, hata makanisa yalifungwa. Na mazishi ya kila mtu nchini yalikuwa na idadi ya watu na saa 72. Shosho alikuwa hai bado. Aliposikia redioni, alizima jiko, akakaa. Alisema tu, "Huyo naye amepumzika." Hawakujuana kabisa.

#28 Guku wa Kaimosi

Walijuana, Kijana.

#29 Jakondele

Nimerudi wadau. Nilimpigia mfawidhi simu, tunafahamiana. Nilimsomea baadhi ya majibu, ya Nyar Seme na ya Kijana hasa. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa jibu ambalo naona ni haki liwekwe hapa. Anasema yeye alikuwa mmoja wa watoto waliosaidiwa, si na Mama Sarah bali na mama mwingine wa Gem, mjane, au *chi liel* kama tunavyosema. Yule mama alikuwa na moyo wote mnaousema. Lakini pesa hakuwa nazo, na dada yake mfawidhi aliacha shule darasa la saba kwa kukosa karo, akaolewa. "Upendo ulikuwepo," aliniambia, "karo haikuwepo. Wakfu wa Mama Sarah ulipoanza kulipa karo na kununua sare na madawa, watoto kama dada yangu walibaki shule. Msiidharau neema kwa sababu ilichelewa."

Nilinyamaza. Sikuwa na la kumjibu.

#30 Nyar Seme

Mwambie namwomba radhi kama maneno yangu yalimgusa vibaya. Bado nadhani alikosea tarehe. Lakini la dada yake nimelielewa.

#31 Mwalimu Mstaafu

Ni kweli pesa ziliongeza idadi. Lakini hata Obama, kwenye salamu zake za rambirambi, hakuzungumzia pesa. Alieleza nyumba ndogo ya udongo isiyo na umeme wala maji ya bomba, watoto wanane, mbuzi, kuku, na mazao, yaliyobaki akiyapeleka sokoni. Huyo ndiye aliyemkuta alipokuja mara ya kwanza. Mwenye kuwa na watoto wanane na mbuzi wachache hana ziada, Msafiri. Sababu itafutwe pengine.

#32 Msafiri wa Naks

Nimeshakubali Mwalimu, nimeshakubali! Nataka sasa kwenda kuona. Kutoka Kisumu napandaje?

#33 Jakondele

Panda matatu ya Siaya inayopitia Maseno na Luanda, shuka Ng'iya, hapo unachukua boda mpaka Nyang'oma Kogelo. Ukifika, salimia kwanza kabla ya kutoa simu kupiga picha. Makaburi ni ya watu.

#34 Fundi Baiskeli

Nimenyamaza siku nne kwa sababu sikutaka kubishana bila kupima. Jana Jumapili baada ya kanisa nilichukua Black Mamba ya mteja aliyeniruhusu, nikampakia binti yangu wa miaka 8 kwenye karia, nikaweka gunia lililokunjwa chini yake asiumie. Tulianzia Kogelo kuelekea Ng'iya, kama alivyokwenda yeye. Barabara ya leo si ile ya wakati ule, hilo nalijua.

Tulitumia dakika 55. Sehemu mbili nilishuka nikasukuma, kwa hiyo nadhani hata yeye alishuka, Nyar Seme usikasirike. Binti alinishika shati mgongoni njia yote. Kuna mahali mnyororo ulitoka, nikaurudisha, mikono ikajaa grisi, nikapangusa kwenye majani.

Tulipofika Ng'iya nilimnunulia soda tukakaa kivulini. Nilimweleza habari ya mama huyo na yule mtoto. Alifikiri kidogo, akaniuliza: "Baba, akishamwacha shule, alikuwa anarudi nyumbani peke yake, halafu anakuja tena kumchukua?"

Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya kilomita 10. Ni 40.